Mlinzi wa Ndege ya Goziba

Nathanieli Rugaibula wa Kimwani alikuwa fundi wa malori mjini Bukoba. Mwaka 1937 tajiri wake, Bwana Pelham, mnunuzi wa kahawa, aliunda ndege ya mbao na turubai, akaifungia injini aliyoing'oa kwenye gari kuukuu.

"Bwana, injini hii imezoea kupanda mlima kisha ipumzike kwenye mteremko," Nathanieli alimwambia. "Huko juu hakuna mteremko."

Pelham alicheka, akamkalisha kiti cha mbele aisikilize.

Waliruka asubuhi kwenda Mwanza. Katikati ya ziwa maji ya rejeta yalichemka, mvuke ukawapiga usoni, injini ikazimika. Walitua vibaya kwenye nyasi za kisiwa cha Goziba, gurudumu moja likavunjika.

Kesho yake Pelham alipanda mtumbwi wa wavuvi. "Nitarudi na vipuri baada ya wiki mbili. Usiiache ndege. Umetia sahihi mkataba."

Kuacha kazi kabla ya mkataba kwisha ilikuwa jela, na Nathanieli alilijua hilo. Kaka yake alishafungwa kwa kosa hilohilo.

Wiki mbili zikawa miezi miwili. Alilala chini ya bawa. Kila asubuhi aliizungusha propela kwa mkono ili injini isishike kutu, kisha akakosa la kufanya mpaka jioni. Huko nyumbani mkewe, Kokuberwa, alikuwa karibu kujifungua.

Mutalemwa, mkubwa wa kambi ya wavuvi, alimhurumia. "Mwanangu, mtumbwi wangu unakwenda bara kesho. Panda."

"Siwezi, tata," Nathanieli alisema, akimwita baba kwa lugha ya kwao. "Mkataba."

"Huo mkataba wako unakula samaki wangu kila siku."

Walicheka wote wawili, lakini mtumbwi ulipoondoka Nathanieli aliligeuzia ziwa mgongo.

Mwezi wa nne wa kungoja, Kokuberwa alishuka kwenye mtumbwi wa Mutalemwa, mtoto mgongoni. Aliketi kivulini mwa bawa, akamnyonyesha.

"Bwana wako amekwenda Ulaya kwa meli, mwezi mzima sasa," alisema. "Nilikwenda boma kuuliza. Karani anasema mkataba bado unakushika, ukae mpaka barua ije."

"Kutoka wapi?"

"Hakujua."

Nathanieli alimtazama mtoto. "Anaitwa nani?"

"Nilikuwa nakungoja umpe jina."

Nathanieli aliinuka. Kisha akakunja blanketi, akakusanya spana zake, akamfuata mkewe mpaka kwenye mtumbwi. Alimpa mtoto jina la Kamugisha kabla hawajafika bara.

Askari walimchukua wiki hiyohiyo, akafungwa mwezi mmoja Bukoba kwa kutoroka kazi. Watu walipomuuliza habari za jela, alisema ilikuwa nafuu kuliko Goziba, kwa kuwa siku ya kutoka aliambiwa tangu alipoingia. Alirudi Kimwani akalima kahawa na migomba. Barua ya kuitaka ndege haikuja, wala yeye hakuandika kuuliza.