Kwinini Tuliyoitupa Ziwani

Siku ile ningepaswa kusema hapana. Daktari mpya alinipa chupa ya asidi tuliyokuwa tukiwachanganyia wagonjwa wa tumbo, akaniambia niipimie kwinini, nami nikaipokea.

Nilikuwa msaidizi katika zahanati ya mji wa Baraka, kando ya ziwa. Makopo ya vidonge vya kwinini yalikuwa yamelowa ndani ya boti iliyoyaleta, na mvua kubwa zilikuwa zimeanza. Barabara ikikatika, hatungekuwa na kwinini nyingine, sisi na vijiji vyote hadi Lubondja, ambako mke wangu alikuwa kwa mama yake akingoja kujifungua. Ilibidi tujue kama dawa bado imo ndani ya vidonge.

Kazi yenyewe si ngumu. Unasaga kidonge, unakiyeyusha katika maji yenye asidi, unayaweka ndani ya mashine ya kupimia mwanga, chini ya taa ya zambarau. Kwinini ikiwamo, maji yanawaka buluu na mshale unapanda. Kisha unalinganisha na kichupa cha kwinini nzuri kilichofungwa tangu zamani. Lakini daktari wa kwanza, aliyenifundisha, alitumia asidi ya betri tu. Ile ya tumbo, alisema, inaua mwanga huo wa buluu hata kama kwinini imo. Na ya betri ilikuwa imeisha.

"Docteur, daktari wa kwanza alikuwa anasema..."

"Asidi ni asidi. Pima."

Muuguzi mwenzangu alicheka mlangoni. "We, muzungu akisema ziwa limekauka, utavuka na viatu!"

Nilicheka naye, nikapima. Mshale haukusogea. Daktari akasema dawa imekufa.

Bamama waliokuwa kwenye foleni walitutazama tukibeba makopo hadi ufukoni.

"Munatupa dawa yetu?" mmoja aliuliza.

"Mama, hii si dawa tena. Mashine imesema." Nilijibu kwa sauti ya mtu aliyesoma.

Mvua ikakata barabara. Kaka wa mke wangu akaja kwa miguu kutoka Lubondja, matope hadi magotini.

"Shemeji, dada anachomeka na homa. Nipe kwinini, nirudi sasa hivi."

Nilimwonyesha rafu tupu. Akageuka, akarudi kwenye matope mikono mitupu.

Boti iliyofuata ilileta dawa mpya na asidi ya betri. Nyuma ya mashine nilikuta kidonge kimoja cha makopo yale tuliyoyatupa, kilichokuwa kimeanguka. Nikakipima peke yangu, kwa asidi ya betri. Maji yakawaka buluu, mshale ukasimama palepale unaposimama kwa kichupa cha kwinini nzuri.

Mke wangu alikuwa amekwisha kuzikwa, na mtoto wetu tumboni mwake. Dawa ambayo ingewaponya niliitupa ziwani kwa mikono hii.