Mzee Alijipimia Dawa Kama Ng'ombe

Mzee wangu, yaani mume wangu, ametibu ng'ombe maisha yake yote, na ng'ombe hupewa dawa kwa uzito. Basi siku tulipopukuchua mahindi hapa kwetu Kimumu, vumbi likamwasha mwili mzima, akatoa tembe zake ndogo za aleji. Karatasi ilisema ameze moja. Yeye akaona moja ni ya watu wembamba wa mjini.

Mimi sikujua. Nilishtuka baada ya chakula cha mchana, nikimsikia anaita ng'ombe tuliyemuuza zamani.

"Mzee, unaita nani?"

"Mrudishe! Anaingia kwa mahindi!"

Nikamgusa. Ngozi ilichoma kama sufuria na hana jasho hata tone. Mboni za macho zilikuwa zimepanuka, ulimi umekauka mpaka maneno yananata, vidole vinachuma vitu hewani. Moyo ulikuwa unakimbia chini ya mkono wangu. Nikapekua koti lake nikapata karatasi ya tembe, karibu yote tupu.

Jirani yetu mwenye duka akaja mbio na kikombe. "Mpe maziwa, Mama! Maziwa inaua sumu!"

"Mtu anasinzia hivi, maziwa itaenda wapi? Kwa mapafu? Weka hiyo kikombe chini, lete gari."

Sikumpa kitu, wala sikumtia kidole kooni atapike. Tulimlaza ubavu kwa kiti cha nyuma, kichwa kwa mapaja yangu. Njiani akanikazia macho.

"Wewe msichana, baba yako yuko?"

"Yuko."

"Mwambie nimeleta ng'ombe wa mahari."

Halafu akanyamaza. Miaka yote namwambia huyu mtu apunguze maneno. Siku hiyo nilimtikisa bega: "Ongea! Ng'ombe wangapi? Rangi gani?"

Hospitalini daktari aliuliza amemeza nini, ngapi, saa ngapi. Nikampa ile karatasi. Wakambandika nyaya kifuani kuangalia moyo, wakamwekea maji kwa mshipa. Alikuwa pia amefungika mkojo. Ulipotoka, nilifurahi kama ng'ombe amezaa salama. Asubuhi akaitisha chai, akalalamika haina sukari. Nikajua amerudi.

Sasa tembe zinakaa jikoni kwangu. Akiwashwa, ananyoosha mkono.

"Moja tu? Mtu mzito kama mimi?"

"Moja."

Juzi aliimeza, akanitazama kando. "Hivi siku ile kwa gari, nilisema nini?"

"Ulisema kuanzia sasa utasoma karatasi ya dawa."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu. Kunywa maji."