Mbaraka na Matabishi ya Benki

Jamani, duniani kuna watu wapenda vya bure, halafu kulikuwa na Mbaraka wa Rumonge.

Mbaraka alikuwa muuza mawese, mtu wa makamo aliyefiwa na mkewe, mwenye tumbo la heshima, na kitu alichokipenda kuliko vyote ni matabishi. Kule Rumonge, mji wa kando ya ziwa, ukinunua mafuta, chupa ikishajaa muuzaji anakudondoshea kidogo cha juu. Ukinunua ndagala, wale dagaa wa ziwani, fungu likishapimwa anakutupia konzi moja zaidi. Hayo ndiyo matabishi, na asiyeyatoa watu husema ana roho mbaya. Lakini Mbaraka alipitiliza. Kinyozi akimnyoa kichwa, alitaka ndevu ziwe matabishi. Siku moja kwenye dispensari, baada ya kudungwa sindano ya malaria, mdomo ukamponyoka kwa mazoea: "Na matabishi iko wapi?" Muuguzi alikuwa amechoka tangu asubuhi. Akamdunga vitamini upande wa pili. Ijumaa ile Mbaraka alisikiliza hotuba nzima akiwa amesimama, ameegemea nguzo ya msikiti.

Mtu mmoja tu sokoni alimnyima: Zuwena, muuza ndagala. Wateja wengine wote aliwaongezea, tena kwa tabasamu. Ila siku ya kwanza Mbaraka alidai matabishi kabla hajatoa hela, na Zuwena akamtazama toka kofia mpaka kandambili. "Weye hata hujanunua, unataka kuongezwa?" Toka hapo, hata mkia wa ndagala hakupata. Mbaraka akarudi kesho yake kubishana, na keshokutwa, na wiki iliyofuata, mpaka nyumba yake ikanuka ndagala kuanzia kitanda hadi paa. Ndipo akagundua kwamba hafuati samaki. Akaenda kuposa.

Zuwena alikubali, ila kwa sharti. Marehemu mumewe alikuwa amemwachia madeni, na wadai walikuja msibani kabla hata pilau halijaliwa, wakabeba mpaka kitanda. Eda yote aliimaliza akilala chini na binti yake, Zena.

"Mume mwenye deni simtaki," akasema. "Hata deni ya kiberiti. Ukija kwangu uje safi, ama usije."

"Mimi?" Mbaraka akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Mama Zena, mimi niko na konti mu banki!"

Na kweli alikuwa nayo. Miaka ile ya vita barabara ya Bujumbura ilifungwa na kufunguliwa kama mlango wa choo. Basi lilisimamishwa na waasi katikati ya michikichi, na abiria wakarudi nyumbani na chupi tu. Nani atatembea na hela mfukoni? Mafuta yalikwenda na lori nyuma ya wanajeshi, wanunuzi wa Bujumbura wakaweka malipo benki, na Mbaraka akapewa kijitabu cha sheki. Ee bwana, yule mtu na kusaini! Saini yake ilikuwa na mkia mrefu, ukitoka kwenye sheki unaendelea juu ya meza ya mwenye duka.

Harusi ilipokaribia akasaini sheki ya foteyi, kile kiti kikubwa cha kuzama. Akasaini ya radio. Akasaini ya koti la bluu lenye vifungo vya dhahabu, na hapa nisimtetee: alijua. Alijua kabisa kwamba koti lile limezidi kilichobaki benki. Akasaini hivyo hivyo, na benki ikalipa.

Mbaraka akazama ndani ya foteyi akawaza. Mwisho uso ukamng'aa. Mteja mwaminifu kama yeye, benki imemwongezea! Asubuhi akapeleka kidumu cha mawese kwa mlinzi wa benki, salamu kwa mkubwa. Kisha, ili wenye benki wasione kwamba ameidharau zawadi yao, akasaini sheki ya viatu.

Mwezi ule barabara ikafungwa tena. Mapipa ya mafuta yakakaa uani kwake yakimtazama. Ndipo Consolée, binti wa kaunta, akamwita.

"Amahoro, Muzee. Uko chini ya ziro."

"Chini ya ziro kuna nini tena?"

"Iko deni. Na hiyo deni inazaa kila siku, banki inakukata ajio, ile riba yake."

"Inazaa na nani?" Mbaraka akapiga kaunta. "Ile ilikuwa matabishi! Umeona wapi mutu amekuongezea mafuta, kesho anakuja na mpira kuyanyonya mu chupa yako? Na kidumu changu je?"

"Kidumu alikula mlinzi, Muzee. Na ajio ya leo imeshaingia."

Mbaraka akatoka nje akiwalaani wote: benki, Consolée, mlinzi, waasi walioifunga barabara, wanajeshi walioshindwa kuifungua. Alilaani hata aliyegundua ziro. Lakini moyoni aliogopa, tena aliogopa sana, kwa sababu soko la Rumonge halina siri. Alipofika kwa Zuwena, habari ilikuwa imeshatangulia na kukaa kitako.

"Ni kweli?" Zuwena akauliza.

"Sikiliza, Mama Zena. Banki ndiyo..."

"Mmh."

"Na hawa waasi nao..."

"Mmh."

"Na yule Consolée, mutoto mudogo hana adabu..."

Zuwena akainama juu ya lundo lake. Akapima fungu la ndagala, akalifunga kwenye gazeti, akaliweka mbele yake. Kisha akakunja mikono.

"Haya. Matabishi yako. Jiongezee."

Mbaraka akadhani anaota. "Nini?"

"Si umeomba mwaka mzima? Lundo hilo hapo. Tia mukono, chukua."

Wanawake wote wa safu ile wakaacha kupima. Mbaraka akaunyoosha mkono, ukafika nusu ya njia, ukakataa. Maana sokoni kwetu matabishi yanatoka kwenye mkono wa muuzaji. Mteja akitia mkono wake kwenye lundo, huyo ni mwizi, na atakimbizwa mpaka ziwani. Mbaraka mwenyewe aliwahi kumfukuza mtu na mwiko kwa kugusa pipa lake.

"Siwezi," akasema. "Mimi si mwizi."

"Kule banki, nani alikwambia anakuongezea?"

Mbaraka akaivuta kofia yake mpaka machoni.

"Mukono wa nani uliingia?"

Mbaraka akautazama mkono wake, ule ule wa saini yenye mkia. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Wangu," akasema. "Nilijua hela imekwisha. Nilitia mukono mimi."

"Basi katoe mukono wako," Zuwena akasema. "Halafu ndiyo urudi."

Mbaraka akauza radio, akauza viatu. Koti alilinunua Rachid kinyozi, akalivaa pale pale juu ya aproni. Foteyi ndiyo ilikuwa balaa, maana mnunuzi alikaa ng'ambo ya bariyeri ya wanajeshi. Mbaraka akaibeba kichwani juani, miguu ya kiti ikichungulia mbele kama pembe. Bariyerini askari wakamsimamisha kutafuta bunduki ndani ya foteyi. Wakaibonyeza, wakaikalia mmoja baada ya mwingine kwa usalama wa taifa, na wa mwisho akasinzia. Mbaraka akasubiri aamke. Hakulaani mtu.

Siku aliyopeleka hela benki, Consolée akaandika, akagonga muhuri, akatabasamu. "Imekwisha, Muzee. Iko ziro, safi."

Mdomo wa Mbaraka ukafunguka wenyewe. Na ma... Akaufunga. Akameza mate.

"Murakoze, asante mwanangu," akasema, akatoka.

Alimkuta Zuwena anafunika ndagala kwa ajili ya mvua. Mbaraka alikuwa na kandambili na kanzu ya zamani yenye doa la mawese tumboni.

"Iko ziro," akasema. "Sina foteyi, sina koti. Pipa zimejaa, lakini barabara imefungwa. Niko hivi unavyoniona."

Zuwena akamtazama toka kofia mpaka kandambili. Akafunua ndagala, akampimia fungu. Mbaraka akalipa, akageuka kwenda zake, maana alishazoea.

"Weye, unakimbilia wapi?"

Akarudi. Zuwena akachota konzi moja kwa mkono wake mwenyewe, akaitia juu ya fungu. Akachota na ya pili.

Mbaraka akalia pale pale, mwanaume mzima, mbele ya soko lote. Rachid akaja mbio na koti lake la bluu, mkasi mkononi, kuuliza nani amekufa.