Kitambaa Kilichogoma Kufunguka Altareni

Jamani, hii habari nilishaamua nife nayo, lakini kwa kuwa kigango kizima kiliona kwa macho, na mpaka leo nikikatiza mitaa ya Gongoni kuna watoto wananiita Mama Mifuko, bora niieleze mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine wakaitia chumvi (na chumvi yenyewe haihitajiki, mtaona).

Mimi ni Milembe, mtu wa Igunga. Nilipomaliza darasa la saba nilikaa nyumbani shambani, kisha nikaletwa Tabora kwa shangazi. Nina aibu mno. Nikitumwa dukani nikakuta watu wengi, nasubiri waishe kwanza, na wakiisha duka nalo linafungwa. Ila nilipoona wasichana wanavyofuma kwa Mama Sesilia, mama mmoja wa parokiani aliyefundishwa kazi hiyo na sista mgeni, nilisimama pale getini mpaka akaniita ndani mwenyewe.

Ufumaji wake ni wa mgongoni. Ncha moja ya nyuzi unaifunga kwenye nguzo, nyingine kwenye mkanda unaokuzunguka nyuma ya kiuno, unakaa chini umenyoosha miguu, ukiegemea nyuma nyuzi zinakaza, ukisogea mbele zinalegea, yaani wewe mwenyewe ndiye chombo. Shida yake ni kwamba kitambaa hakiwi kipana kuliko mikono yako inavyofika. Ndipo kuna ufundi wa tabaka mbili: unafuma vitambaa viwili kwa pamoja, kimoja juu ya kingine, uzi unapita juu, unarudi chini, na vinaungana upande mmoja tu, ukimaliza unakifungua kama kitabu na upana unakuwa maradufu.

Sasa baba alikuwa amesema kwenye simu, "Sikukuu ya mavuno nakuja huko. Nikikuta kazi ya kuonekana, utabaki. Nisipoikuta tunarudi wote, mpunga hauvunwi kwa nyuzi."

Mama Sesilia akanishauri nifume mkanda tu. "Tabaka mbili bado, mwanangu. Hata mimi zilinitoa machozi."

Mimi ambaye hata chumvi mezani siombi, nikajisikia nasema, "Nataka kile kinachofunguka. Kitandikwe altareni."

Wenzangu wakacheka (nikifuma huwa natoa ulimi nje, nao walikuwa wameshachoka kuutazama), na kicheko kile ndicho kilichoniponza, maana niliomba nikafumie nyumbani ili nisionekane. Kwa shangazi nguzo imara ni moja tu, ya barazani, na baraza lenyewe linatazama njia ya sokoni. Yaani nilikimbia wasichana wachache nikajianika mbele ya mtaa mzima!

Na mtaa una wazee. Kwetu msichana hamsalimii mkubwa akiwa amekaa amenyoosha miguu kama anaota moto, lazima apige goti. Bibi Kalunde, jirani yetu muuza karanga, alipita asubuhi na jioni. "Mwangaluka, Milembe!" ndiyo salamu ya kwetu. Mimi huyo, mkanda kiunoni, najikunja kwenda mbele napiga goti, nyuzi zinalegea zote, "Shikamoo bibi," "Marahaba, baba hajambo? Ng'ombe je? Mvua imenyesha huko?" na majibu yote hayo nayatoa nikiwa nimepiga goti juu ya kazi yangu. Nikirudi kukaa sikumbuki uzi uliopita mwisho ulikuwa wa juu au wa chini. Nakisia. Naendelea.

Shangazi alinigombeza, "We mtoto, salimia umekaa, hapa ni mjini!" Nilijaribu siku moja katekista wa kigango alipopita, nikashindwa, nikainuka ghafla mpaka mkanda ukanirudisha chini kwa matako mbele yake.

Mama Sesilia alikuwa ameniagiza kila jioni nitie mkono katikati ya tabaka nione kama unapita, maana uzi ukikosea zamu unazishona pamoja. Sikutia. Nilijiambia naogopa kuviringua kazi. Kusema kweli niliogopa mkono usipite.

Siku ya sikukuu nikakikata nguzoni asubuhi, shangazi akakipiga pasi bila kukifungua, kikalala vizuri mno, tukakimbilia kanisani. Baba alikuwa ameshafika, amekaa na wazee upande wa mbele. Wakati wa kupeleka vipaji altareni katekista akatangaza kwa furaha, "Binti yetu Milembe ametufumia kitambaa kinachofunguka kama kitabu! Tazameni!" Akashika ukingo wa juu, mimi wa chini. Tukavuta.

Kikagoma.

Akavuta tena. Kikafunguka kidogo hapa, kidogo pale, katikati kimeng'ang'ana. Kwaya ikapunguza sauti ili ione vizuri. Mtoto mmoja akaja akatumbukiza mkono, akapaza sauti, "Mama, kina mifuko!" Watu wakaanza kutikisika mabega. Katekista, naye ni mtu asiyeshindwa, akavuta kwa nguvu zote, vidole vyangu vikateleza, akarudi kinyumenyume akamkanyaga jogoo wa sadaka aliyefungwa miguu, na jogoo yule alipiga kelele mpaka padre mwenyewe akajifunika uso kwa mikono.

Baada ya misa nilijificha nyuma ya kanisa. Wakanifuata kundi zima, baba akiwemo. Mama Sesilia akakitandaza kwenye nyasi, akagusa mahali palipoungana. "Hapa nani alipita?"

"Bibi Kalunde."

"Na hapa?"

"Bibi Kalunde tena. Hapo ni katekista."

Bibi Kalunde alikuwepo. "Heee! Kumbe mimi ndiye niliyekishona?" Akacheka mpaka akashika mti.

Baba hakucheka. Alikiokota, akakivuta huku na huku, hakikuachia hata uzi. "Ukibaki, kitafunguka?"

Watu walikuwa wengi, wote wananitazama. Siku nyingine ningetazama chini.

"Kitafunguka, baba."

"Haya. Baki. Ila mimi sitaki kuitwa baba yake Mama Mifuko."

Akaondoka na basi peke yake. Nilifumua maungio yale kwa sindano mpaka nikashindwa, nikatandika nyuzi mpya, na nimefunga kwenye nguzo ileile ya barazani, sihami. Sasa nina kijiti nilichokipaka rangi nyekundu, nakichomeka kwenye tabaka niliyoishia, ndipo napiga goti. Na nimeapa, sitalala tena jioni yoyote kabla sijatia mkono katikati, hata kama utakwama, maana afadhali ukwame barazani kuliko altareni.

Bibi Kalunde siku hizi akifika anasimama kwanza ng'ambo ya mtaro na kikapu chake kichwani, ananipigia kelele mtaa mzima usikie, "Kijiti kwanza, Milembe! Shikamoo naisubiri!"

Jana jioni nilitia mkono. Ukapita wote, mpaka vidole vikagusa ule ukingo mmoja unaoungana.