Mama Pacha Amwaga Oili

Mama Pacha alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, na mpaka mumewe alipopata kiharusi hakuwahi kufungua boneti ya gari. Kazi yake kwenye gari ilikuwa kupanda, kukaa, na kukumbushwa asibamize mlango. Gari lenyewe lilikuwa la mumewe, Baba Pacha. Maisha yake yote aliendesha malori ya watu, na hilo gari dogo la nyumbani, ambalo rangi yake ya kwanza hakuna aliyeikumbuka vizuri, alilihudumia mwenyewe uani, mikono imejaa grisi, akiliongelesha kama mtu anayembembeleza mtoto ale.

Kiharusi kilimchukulia mkono wa kulia, nguvu za mguu, na maneno yote isipokuwa moja. Lililobaki lilikuwa "bado." Ukimuuliza ameshiba, bado. Chai ina sukari ya kutosha, bado. Waliokuja kumjulia hali walitoka wakinong'onezana kwamba maskini, akili nayo imekwenda. Mama Pacha hakubishana nao. Yeye alishajua kwamba kuna bado ya ndiyo, bado ya hapana, na bado ya mtoeni huyu mgeni nimechoka.

Kwa kuwa mgonjwa alitakiwa kupelekwa hospitali kufanya mazoezi ya mkono na mguu, Mama Pacha alijifunza kuendesha, akapata leseni. Hapo ndipo gari likawa lake pia, pamoja na matatizo yake. Muda wa kubadilisha oili ulipofika alilipeleka kwa fundi wa mtaani, ambaye watu walimwita Kesho kwa sababu inayojulikana na kila aliyewahi kumwachia gari. Likarudi limeoshwa, linang'aa.

Baba Pacha hakuangalia kung'aa. Alionyesha kwa mkono wa kushoto boneti ifunguliwe, kijiti cha kupimia oili kichomolewe. Akaigusa oili kwa kidole, akainusa. Ilikuwa nyeusi kama masizi ya sufuria, nzito, na yenye harufu ya kitu kilichoungua. Ni ileile ya zamani.

"Bado," alisema, kwa sauti ndogo.

Hiyo ilikuwa bado ambayo mkewe hakuwahi kuisikia. Ilikuwa ya aibu. Mtu aliyewafundisha madereva wenzake kazi, sasa anachezewa shere kwa gari lake mwenyewe, na hana mkono wa kushika spana wala ulimi wa kugomba.

Mama Pacha alifunga boneti. "Jumamosi tunamwaga wenyewe," alimwambia. "Wewe utakaa, mimi nitalala chini."

Wifi yake, dada mkubwa wa Baba Pacha, alikuwa akikaa nao ili kusaidia kumuuguza. Alikuwa mwanamke mwenye moyo mweupe na mdomo usio na breki. "Wifi yangu," alisema, "gari si cherehani."

"Hata cherehani hutiwa oili, wifi."

"Lakini cherehani haikuangukii kifuani."

Hilo lilikuwa kweli, kwa hiyo Mama Pacha hakulipuuza. Jumamosi asubuhi alitoa stoo zile mbao nene mumewe alizozichonga zamani kwa ajili ya kupandishia gari. Alizipanga mbele ya matairi, akalipandisha gari juu yake taratibu huku wifi akimwelekeza kwa mikono miwili inayopingana. Akavuta breki ya mkono, akaacha gari kwenye gia, akaweka mawe nyuma ya matairi ya nyuma na kuyapiga teke kuona kama yameshika. Injini ilikuwa imepata joto kidogo tu, kiasi cha oili kulainika bila kumchoma mtu. Akavaa ovaroli ya mumewe, ambayo alikuwa ameipunguza kiunoni na kuikunja miguu, akatandika maboksi, akaingia chini.

Kule chini alikuta nati mbili zinazofanana. Kabla hajauliza, fimbo ya Baba Pacha ilimfuata kutoka kwenye kigoda alichokalia kando ya gari, ikagonga moja na kuiacha nyingine. Akaweka spana kwenye hiyo iliyogongwa, akavuta kwa mikono yote miwili. Ikakubali. Oili ikamwagika nyeusi ndani ya beseni.

"Hilo ni beseni langu la kufulia," alisema wifi.

"Lilikuwa."

Filta, kile kikopo cha kuchujia oili, ndiyo iliyokuwa na kichwa kigumu. Ilikuwa imeng'ang'ania kama kupe, na kila alipoishika mikono iliteleza. Akatoka, akaingia chumba chake cha kushonea, akarudi na kipande cha ukanda mgumu wa begi la shule. Akaizungushia filta ukanda ule, akaingiza mpini wa spana katikati, akausokota mpaka ukabana, kisha akavuta. Filta ikalia, ikazunguka. Baba Pacha, aliyekuwa ameinama karibu aanguke kigodani, alitikisa kichwa kwa namna ya fundi aliyeona jambo jipya.

Kilichobaki kilionekana rahisi. Filta mpya ikafungwa kwa mkono, nati ikarudishwa na washa yake mpya, ile pete ya kuzuia kuvuja, oili ikamiminwa juu kwa faneli. Mama Pacha akaketi kwenye usukani, akawasha. Taa nyekundu ya oili ikazimika kwenye dashibodi.

"Wifi," alisema wifi kutoka nje, "gari linakojoa."

Akazima upesi, akashuka. Oili mpya, safi, ilikuwa ikichuruzika kutoka kwenye filta na kusambaa juu ya maboksi. Jirani mmoja aliyekuwa akitazama juu ya ukuta alijifanya anaanika nguo. Mama Pacha akakaa chini palepale. Machozi yalimfika kwenye kope, akayazuia, kwa sababu mikono yake ilikuwa michafu mno kuyafuta.

"Tumwite tu Kesho," wifi alisema kwa upole.

"Akiingia uani hapa, mimi nahama."

Baba Pacha alikuwa akigonga kitu kwa fimbo. Ilikuwa filta ya zamani, imelala kando ya beseni. Kisha akachora duara gotini kwa kidole cha kushoto. "Bado. Bado."

"Anataka sahani," alisema wifi. "Ana njaa."

"Unataka niikaze zaidi?" Mama Pacha alimuuliza.

Bado ya hapana. Akachora duara tena, kisha akabana vidole viwili hewani na kuvuta, kama mtu anayemenya kitu. Mama Pacha aliitwaa filta ya zamani, akaigeuza mdomo juu. Filta mpya, alikumbuka, ilikuja na pete ya mpira mweusi mdomoni. Hii ilikuwa na mfereji tu, mtupu.

"Mpira wake uko wapi?" alijiuliza kwa sauti.

Tayari alikuwa anaingia chini. Akafungua filta mpya, akapapasa pale ilipokaa, na kidole kikaukuta ule mpira wa zamani, umebaki kwenye injini, umegandamana kama sehemu ya chuma. Alikuwa amefunga mpira juu ya mpira. Akauchokoa kwa ukucha, polepole, kama anavyofumua mshono bila kuchana kitambaa, mpaka ukatoka mzima. Akapafuta, akaupaka mpira mpya oili kidogo, akairudisha filta na kuikaza kwa mkono. Akaongeza oili iliyopotea, akapima kwa kijiti, akawasha tena.

Aliyelala kifudifudi kuchungulia alikuwa wifi, na gauni lake zuri.

"Wifi," alisema baada ya muda.

"Nini tena?"

"Pakavu kabisa."

Injini ikanguruma kwa utulivu. Walipoizima na kusubiri, Baba Pacha alipewa kijiti. Oili ilikuwa na rangi ya asali, imefika pale inapotakiwa. Akakifuta kwa mkono wa shati lake safi, kisha akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, na mkewe akacheka naye, ameegemea boneti, uso umejaa madoa.

Walipanda wote watatu bila kubadili nguo. Wifi alikaa nyuma, kioo chini, akiwaambia waliosimama kando ya barabara kwamba "leo tumemwaga oili," na Mama Pacha hakumsahihisha. Kwenye mlima aliouogopa siku zote alibadilisha gia mapema, gari likapanda bila kulalamika. Baba Pacha alikuwa amefumba macho, kiganja cha kushoto juu ya dashibodi, akisikiliza. Walipofika nyumbani Mama Pacha alipunguza mwendo, akamtazama, akaipita nyumba na kuzunguka tena.