Kiti cha Pili cha Shemeji Kinyozi

Mume wa dada yangu ni kinyozi, na roho yake ni ngumu kuliko sakafu ya saluni yake. Nayasema haya mchana kweupe. Akitaka kunishtaki, anajua ninapokaa. Alinunua kiti cha pili, chekundu, cha kuzunguka, akakiacha ndani ya nailoni. Mteja akijaribu kukikalia anafukuzwa kama kuku.

"Hicho cha binti yangu," anasema. "Akishamaliza upuuzi wake."

Upuuzi wenyewe ulikuwa mtihani wa kuingia chuo kikuu, ule mmoja wa nchi nzima, ambao unasiliba viduara kwa penseli na mashine ndiyo inasahihisha. Baba mtu alikuwa ameshatamka: akifeli, harudii, anavaa aproni.

Basi mpwa wangu alijisomea palepale saluni, kwenye benchi la wateja, kati ya kufagia nywele na kurudisha chenji. Mashine ya kunyolea inanguruma, redio inapiga kelele za mpira, naye anasiliba kama hayupo. Mimi na shule tulishindwana tabia mapema, lakini akili ninayo ya kugawa. Nilimwuliza maswali ya kitabu cha majaribio, na majibu niliyachungulia ukurasa wa nyuma, kisha nikayatamka kwa sauti ya profesa.

Siku ya mtihani wa majaribio akarudi uso umeshuka.

"Mjomba, ukumbini kulikuwa kimya. Kimya mpaka nasikia penseli ya jirani ikikwaruza. Swali nalisoma, nalirudia, haliingii."

Alama zilikuwa za aibu. Shemeji hata hakuinua macho kutoka kwenye kisogo cha mteja.

"Kiti hakina mtihani," alisema. "Toa nailoni."

"Toa wewe, baba," binti akajibu, akachukua fagio.

Nilimwambia shemeji apunguze redio, mtoto azoee utulivu. Akaiongeza.

"Shemeji, hapa ni kwako?" akaniuliza.

"Ni kwa dada yangu."

"Nenda ukanyamaze naye huko. Hapa watu wanaacha nywele, hawachukui akili."

Wateja wakacheka. Hapo alichokoza mtu mbaya.

Saluni ile ina tundu moja tu la umeme, na kutoka hapo waya mmoja mrefu unaolisha mashine, redio, kila kitu. Alipotoka kwenda kunywa chai, niliuviringisha waya, nikautia ndani ya shati, nikaondoka na tumbo la mjamzito.

Mtu mwingine angenunua mpya. Huyu hanunui kitu mara mbili hata umkabe.

"Mwizi ataurudisha kwa miguu yake," alitangaza, akinikodolea macho. Nikamsikitikia, nikasema dunia imeharibika.

Akanyoa kwa mkasi, meno ameyauma. Wapenda mpira walihamia kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Wakabaki wazee wanaosinzia. Binti alianza kwa kuhangaika na ule ukimya, anafuta viduara mpaka karatasi inatoboka. Baadaye akatulia.

"Waya wangu uko wapi?" shemeji ananiuliza kila nikiingia.

"Waya gani?"

"Nitakukata sikio."

"Kwa mkasi huo butu?"

Mtihani ukafanywa, matokeo yakaja kwenye simu. Binti alisoma, akaziba mdomo kwa mkono. Chuo kimemchukua.

"Ni mbali?" baba yake akauliza.

"Mbali."

Akakitazama kile kiti chekundu. Pongezi hakutoa. Mimi, kichwa kimevimba kwa ushindi, nikaenda kuuleta waya waziwazi, nikamtupia mezani. Akauchomeka, kisha akaichana nailoni kwa mikono yake.

"Karibu, shemeji. Wewe wa kwanza."

Nikakaa! Mtu mwenye akili ya kugawa, nikakaa. Akaninyoa upande wa kushoto mpaka ngozi, safi kabisa. Kisha akazima mashine, akachomoa waya, akauviringisha, akautia ndani ya shati lake, akaenda kunywa chai.

Kutoka kwenye benchi nikasikia kicheko.

"Mjomba, chagua jibu sahihi. A, kofia. B, kilemba cha mama. C, ujifungie ndani. D, umwombe baba msamaha."

"E hakuna?"

"Hakuna."

Nimevaa kofia hadi nywele zilipoota. Hiyo D siisilibi, hata isahihishe mashine.