Uzi ya Bibi-Arusi Kwenye Jivu

Saidati hakuwa mutu ya kuamini watu. Pale Gisenyi, kwenye kartie, mutaa ya Waswahili, ile miaka Wabelgiji walikuwa bado wanatembea na kofia zao ngumu kando ya ziwa, mulango ya kwake ilifungwa hata jua likiwa kichwani. Ukipiga hodi anakuuliza kwanza: "Nani? Unataka nini?" Ndiyo anafungua kidogo, jicho moja tu linatoka.

Alikuwa mujane, mupishi ya karamu. Harusi, maulidi, matanga, yote alipika. Lakini kusoma hakujua, na kichwa yake ilikuwa inamuangusha. Siku moja kwenye matanga ya mutu mukubwa alisahau chumvi, chungu yote. Watu wakala wakilia, na hakuna aliyejua wanalilia maiti ama wali. Toka siku ile wakamuita Mama Bila-Chumvi, na hakuna aliyemupa tena kazi, hata ya kuchemsha chai.

Hapo akatafuta akili yake mwenyewe, ajizoeze mpaka kazi irudi. Udongo ya Gisenyi ni nyeusi, ya volkano. Akachukua jivu nyeupe inayoonekana juu yake, akamwaga duara katikati ya uwanja: hiyo ndiyo karamu. Kutoka kwenye duara akavuta mistari ya jivu, kila moja na upande yake. Mwisho ya kila mustari anaweka kitu: punje ya muchele, ganda ya kitunguu, kijiti ya kuni, unyoya ya kuku. Mustari ya kuni inazaa mistari midogo: nani ataleta, nani atapasua. Kitu ikishafika, anafuta mustari yake na muguu. Akikaa kwenye kigoda na kuangalia ile kazi, kichwa inafunguka, mambo yanakuja yenyewe. "Ayi! Kama muchele unatoka Goma, si lazima mutu aubebe? Nani?" Anavuta mustari ingine.

Hakumuonyesha mutu. Aliogopa Habiba, mupishi mwenzake, asije kumuibia hiyo akili. Ndiyo sababu ya ule mulango.

Sasa, Mukarugwiza, muke ya muuza nguo, alikuwa anaozesha binti yake Zaina. Wapishi wengine walimupandishia bei, donc kazi akamupa Saidati. Kartie nzima ikacheka. Kwa Saidati haikuwa kicheko. Akiharibu harusi hii, imekwisha, ni kurudi Nyakiriba kwa kaka yake kulima viazi mpaka kufa.

Siku ya kupatana bei, Zaina alikaa karibu yake, na uzi moja ilikuwa inaning'inia kwenye kanga yake. Saidati akaivuta polepole, bila kuomba. Alitaka kitu ya kuweka kwenye mustari ya bibi-arusi: sahani yake peke yake, maji yake ya kunawa.

Siku mbili tatu kabla ya harusi, muuza maji alitoka akaacha mulango wazi. Mukarugwiza akaingia na sukari kichwani, nyuma yake wifi yake Nyiraneza, shangazi ya bibi-arusi. Wakaangalia chini. Mistari. Unyoya ya kuku. Na uzi.

"Yampayinka!" Mukarugwiza akaacha sukari ianguke. "Hii ni ramli!"

Kwenye ile kartie kila mutu alijua wazee wanaochora mistari kwenye muchanga ili kukusoma. Na anayechukua uzi ya nguo yako, amekuchukua wewe.

"Ramli gani?" Saidati akapanda hasira. "We nani alikuambia uingie? Habiba amekutuma?"

"Uzi ya mutoto yangu inafanya nini na manyoya?"

"Ni chakula yake!"

"Mutoto yangu anakula uzi?"

"Mi sijui kuandika! We ukitaka kukumbuka unaandika, mi naweka kitu! Uzi ndiyo yeye, unyoya ndiyo kuku!"

"Na kuku inakwenda wapi na yeye?"

"Kwenye tumbo yako, mama! Kwenye sahani!"

Mukarugwiza akanyosha kidole. "Futa. Ama kazi naipeleka kwa Habiba sasa hivi."

Saidati akachukua ufagio. Alifagia kwa nguvu mpaka jivu ikawapanda miguu wote wawili, na hakuomba samahani. Uzi akamurudishia mama mukononi, kama mutu anayerudisha sindano. Mukarugwiza akaondoka, akamuacha Nyiraneza kulinda mikono ya mupishi mpaka chungu ya mwisho.

Kesho yake Saidati alipotea kabisa. Vitunguu aliagiza mara mbili. Masufuria makubwa nani aliahidi? Hakujua. Akazunguka uwanja kama kuku inayotafuta pa kutaga, anachungulia kila kikapu, na Nyiraneza anamufuata na macho.

"Unatafuta nini kwenye hiyo kikapu?"

"Akili yangu. Nyinyi si muliifagisha?"

Nyiraneza akafikiri aibu ya kaka yake, baba ya bibi-arusi, wageni wamekaa na sahani tupu. Akasema, "Chora. Lakini mbele yangu. Uzi hapana, unyoya hapana."

Saidati akachora. Kuku akaiweka jiwe, bibi-arusi haragwe. Kila mustari Nyiraneza anauliza, "Na hii ni nini? Reka, usifiche na muguu!" Mwishowe akainama. "Bon, na maji? Sioni maji."

Kweli, mustari ya maji haikuwepo. Nyiraneza mwenyewe akachota jivu na kuivuta. "Na wale wakwe wanaotoka Nyundo, wataka viti, hawakai kwenye mukeka." Akavuta ingine, imepinda vibaya.

"Nyoosha," Saidati akasema. "Inaingia kwenye kuni."

Siku ya harusi pilau ikaiva, harufu ikafika mpaka sokoni. Sahani zimepangwa, wageni wamenawa. Hapo Mukarugwiza akasimama. Kwetu anayekupa pombe anaonja kwanza ujue haina sumu, ni heshima, mambo ya kunongʼona tu. Yeye akaita kwa sauti: "Mupishi aonje! Kila chungu, mbele ya watu!"

Wote wakaelewa.

Saidati akachukua sahani kubwa, akapakua pilau, nyama, kuku, akakaa chini katikati ya watu. Akaanza kula. Taratibu. Anatafuna, anameza, anapangusa mudomo. Tumbo za wageni zinalia.

"Tulisema kuonja!" mwanaume mumoja akapaza sauti.

"Ngojeni. Mufupa bado haijashuhudia." Akaivunja, akaifyonza.

Nyiraneza hakungoja. Akachukua sahani, akakaa kando yake, akakata tonge. "Mi nililinda hii chungu," akasema na mudomo umejaa. "Kama iko sumu, mi ndiyo niliiweka."

Mutu akacheka. Sahani zikaanza kutembea.

Mukarugwiza alikula wa mwisho, amesimama, macho kwa Saidati. Akamaliza. Akarudi kwa chungu kujaza tena, na macho yake bado hayajamuhama Saidati.